Kabla Hujanunua Kitabu cha Kompyuta

Ukishika kitabu cha kompyuta, usivutwe na jalada. Fungua kurasa za mwanzo, tazama mwaka na toleo. Kinachofundisha Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, kwa mfano, kimepitwa na wakati: toleo hilo liliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Humo amri ya print huandikwa bila mabano. Kwenye Python 3, toleo lililofuata, itagoma.

Lakini uzee si kasoro kwa kila aina ya kitabu. Kitabu kizuri cha hisabati au cha uimara wa mihimili ya majengo hudumu miaka mingi.

Mwisho, soma zoezi moja la kitabu unachotaka kununua. Je, maelezo yanatosha kulifanya peke yako? Kama hayatoshi, kirudishe. Pesa yako ni ya jasho. Inunue maarifa yanayofanya kazi.