Kidonge, Daku na Maji ya Bamvua: Kuishi na Maudhi ya Dawa za Sonona Unguja



Mgonjwa wa sonona anapoanza dawa, maudhi humfikia kabla ya nafuu. Kinywa kinaweza kumkauka siku zile zile za mwanzo, ilhali nafuu aliyoahidiwa huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi. Katika kungoja huko ndiko tunakowapoteza watu. Kwa hiyo nasema: kumweleza mgonjwa maudhi kabla hajameza kidonge cha kwanza, na kumpangia dawa kwa kuifuata siku yake ilivyo, ni sehemu ya tiba.

Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na daktari bingwa wa akili, unazitaja dawa hizi mbili: amitriptilini, iliyoanza kutumika mwaka 1961, na fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987. Tunayo hospitali yetu ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, lakini mgonjwa akishapewa dawa hurudi kwake Kizimkazi au Mkokotoni, na maudhi humkuta huko huko.

Mtazameni mama anayelima mwani Paje. Maji ya bamvua yakitoka huinama juani muda mrefu akifunga mwani kwenye kamba, kisha huinuka. Amitriptilini huzuia mishipa ya damu isijikaze upesi anapoinuka. Damu huchelewa kupanda kichwani, na kizunguzungu humkamata yumo majini. Dawa hiyo hiyo huweza kupunguza jasho, basi joto nalo humwelemea. Aambiwe mapema: ainuke taratibu, anywe maji ya kutosha, asiende peke yake wiki za mwanzo. Daktari naye aanze na dozi ndogo, miligramu 25 usiku, aipandishe polepole. Mama huyu hana haja ya kuacha mwani wala dawa.

Dereva wa gari ya shamba anayeamka alfajiri ana shida nyingine ya amitriptilini, usingizi. Akimeza kidonge saa sita za usiku, asubuhi atakuwa bado nacho kichwani. Ameze mapema baada ya isha, na siku za mwanzo asishike usukani mpaka ajue mwili wake unaipokeaje dawa. Kinywa kikavu hutulizwa kwa maji kidogo kidogo. Pipi za sukari zitamharibia meno. Choo kikiwa kigumu, papai, mboga na maji husaidia.

Fluoksetini ina tabia tofauti. Huleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, wasiwasi na kukosa usingizi, kwa hiyo humezwa asubuhi pamoja na chakula. Aliyezoea kahawa ya usiku pale Jaws Corner aisogeze mchana kwa muda, kabla hajailaumu dawa peke yake.

Ramadhani inataka mazungumzo mapema, Shaabani haijaisha. Fluoksetini ya mara moja kwa siku inakaa vizuri kwenye daku. Amitriptilini ikae baada ya futari. Ikimezwa wakati wa daku, usingizi utahamia mchana, na kinywa kikavu juu ya saumu ni mateso. Ambaye bado hajatengemaa, daktari na shehe wake wazungumze naye juu ya ruhusa ya kutofunga aliyopewa mgonjwa. Kuacha dawa kimya kimya ili afunge ndiko kunakomrudisha wodini.

Lipo jambo ambalo watu wetu huona muhali kulisema, nalo ni kupungua kwa hamu na nguvu za kitandani, kwa mume na kwa mke. Mgonjwa hatalitaja mbele ya foleni. Muuguzi aliulize yeye, faraghani, kwa heshima, na aeleze kwamba dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Naamini swali hili moja linaokoa ndoa na matibabu kwa pamoja.

Maudhi mengine hayavumiliwi nyumbani. Mkojo kuziba, kuzimia, moyo kwenda mbio bila mpango, mtu kukesha siku kadhaa akisema mno na kutapanya pesa, au mawazo ya kujiua, hasa kwa vijana wiki za mwanzo: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Amitriptilini ikizidishwa huua kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa aliye hatarini, apewe vidonge vichache, na jamaa anayeaminika avitunze.

Nawaomba pia wafamasia wanisikilize. Dawa moja ikikosekana, mgonjwa asipewe nyingine papo hapo kana kwamba ni panadoli za kampuni mbili. Fluoksetini hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na hulizuia ini kuivunja amitriptilini, ambayo huweza kupanda kwenye damu hadi ikawa sumu. Wala dawa isikatwe ghafla; hupunguzwa kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya mgonjwa kupona. Mweka hazina wa bohari anapopanga manunuzi, ahesabu miezi hiyo yote kwa kila mgonjwa tuliyemwanzishia.