Ngeli ya Papa: Uainishaji wa Samaki na Wajibu wa Kamusi



Neno "ngeli" tunalolitumia katika sarufi lina asili yake hapa hapa Buhaya, ambako maana yake ni aina. Wanabiolojia nao hulitumia kuainisha viumbe. Kwa mfano wa papa, nakusudia kuonyesha kwamba neno ni moja lakini vigezo ni vingi, na kwamba kamusi isiyotaja kigezo chake humpotosha msomaji.

Sarufi hutazama upatanisho. Papa amevuliwa, taa amevuliwa, sangara amevuliwa: wote ni viumbe hai, basi. Mvuvi wa pwani hutazama umbo: mwenye mwili mrefu ni papa, aliye bapa ni taa. Biolojia hutazama nasaba. Kwa kigezo hicho papa na taa ni ndugu, kwani kiunzi chao ni cha gegedu, ilhali sato na sangara wana kiunzi cha mifupa.

Vigezo hivi hugongana kwa papa upanga. Umbo na jina lake ni vya papa. Lakini matundu ya matamvua yake yako upande wa tumbo, na kwa nasaba yeye ni taa. Tusimcheke mvuvi: Carl Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758, aliwaweka papa na taa katika ngeli ya amfibia, si ya samaki. Naye kamongo wa Ziwa Victoria, apumuaye kwa mapafu, kinasaba yu karibu zaidi na ng'ombe kuliko alivyo karibu na papa. Kumbe hata "samaki" ni jina la namna ya kuishi, si la ukoo mmoja.

Mwanafunzi wa Bukoba au Muleba humwona kamongo kwa macho. Papa hukutana naye kitabuni. Fasili ndiyo macho yake. Tena, papa upanga wamo katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Karani wa mialoni akiwahesabu miongoni mwa papa, upungufu wao hautaonekana.

Napendekeza kamusi ihifadhi jina la mvuvi, kisha itaje nasaba: "papa upanga: taa mwenye umbo la papa na pua ndefu yenye meno kandokando." Hivyo hatumsahihishi mvuvi wala hatumpingi mwanabiolojia, twamweleza msomaji ni ngeli ipi tunayoizungumzia.