Kitanda cha Kukunja: Ondoka Chini, Lala Salama

(Muziki unaanza, kisha unapungua.)

 Uwe Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au kambi nyingine yoyote, kipindi hiki ni chako. Leo tunazungumza juu ya mahali unapolaza ubavu wako usiku.

Wengi wetu tunalala juu ya mkeka, na mkeka uko juu ya udongo. Mvua ikinyesha, unyevu unapanda. Katika nyufa za sakafu na kuta za udongo anaweza kujificha papasi. Mdudu huyu hutoka usiku, akanyonya damu upesi na kurudi mafichoni, na anaweza kukuachia homa ya papasi. Ukilala juu ya kitanda kilichotengwa na ukuta, umempunguzia njia.

Lakini utasema: kitanda nitakiweka wapi, na nyumba yangu ni chumba kimoja? Na siku ya kuhama nitakibebaje? Jibu lake ni la zamani sana. Ni kitanda cha kukunja.

Mwaka 1922, Howard Carter alifungua kaburi la Tutankhamun, mfalme kijana wa Misri aliyefariki zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Ndani mlikuwa na kitanda cha mbao chenye bawaba, kinachokunjwa sehemu tatu. Napoleon wa Ufaransa alisafiri vitani na kitanda cha chuma cha kukunja, na alifia juu ya kitanda cha namna hiyo mwaka 1821, akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Saint Helena. Hapa Afrika Mashariki, wapagazi walibeba vitanda vya wasafiri wa Ulaya, huku wenyewe wakilala chini. Leo tunataka aliyebeba naye alale juu.

Mfano tutakaouiga ni ule wa wanajeshi wa zamani: mbao na turubai, na miguu iliyopishana kama mkasi. Chukua kalamu, au mwite fundi asikilize nawe.

Kwanza, mbao. Unahitaji mifumbati miwili, yaani mbao ndefu za ubavuni, kila mmoja sentimita 190, unene sentimita 4 kwa 4. Unahitaji pia miguu sita ya sentimita 80. Tafuta mbao zilizokwisha tumika, kama za makasha ya mizigo. Usiende kukata miti nje ya kambi bila ruhusa. Kitanda hakistahili ugomvi na wenyeji, wala hatari ya njiani.

Pili, nguo. Turubai nene la pamba ndilo bora. Ukilikosa, shona magunia imara tabaka mbili. Usikate turubai la plastiki la paa lako! Ukipata kitanda ukapoteza paa, umepata hasara.

Kata nguo upana wa sentimita 120 na urefu wa sentimita 185. Kila upande, kunja sentimita 25 na ushone mfuko mrefu wa kupitisha mfumbati. Katikati zitabaki sentimita 70 za kulalia. Shona mistari miwili au mitatu kwa uzi mnene, maana hapo ndipo uzito wote unaposhika. Kwenye kila mfuko, acha matundu matatu ambapo miguu itakutana na mfumbati: karibu na kichwani, katikati, na karibu na miguuni.

Tatu, unganisha. Toboa kila mguu katikati kabisa, sentimita 40 toka kila ncha. Panga miguu miwili miwili na uifunge kwa bolti moja, isikazwe sana, ili ifunguke na kufunga kama mkasi. Pitisha mifumbati ndani ya mifuko ya nguo. Kisha chonga pengo juu ya kila mguu, mfumbati ukae humo, na uufunge kwa skrubu. Angalia vizuri: katika kila jozi, mguu mmoja unashika mfumbati wa kushoto, na mwenzake unashika wa kulia.

Sasa sikiliza siri yake. Ukilala, uzito wako unataka kuitanua miguu. Nguo ndiyo inayoizuia. Ukishona nguo pana mno, miguu itatanuka sana na kitanda kitashuka. Ukiifanya nyembamba mno, kitanda kitakuwa kirefu na kitapinduka. Ukifuata vipimo hivi, kitasimama karibu sentimita 40 kutoka chini. Kwa hiyo pima mara mbili, ukate mara moja.

Kabla mtu hajalala, weka mizigo mizito juu yake na uache usiku mzima. Kagua mishono na bolti. Waambie watoto wasiweke vidole penye mkasi wakati wa kukunja. Na mtoto mchanga usimlaze humo, kwa sababu nguo inabonyea, naye anahitaji mahali palipo bapa na pagumu kidogo.

Usiku, tundika chandarua chako na uchomeke pembe zake chini ya mkeka ulioutandika kitandani. Kitanda hakizuii mbu. Asubuhi kunja, simamisha pembeni, na chumba kimekuwa sebule.

Tukumbushane: mbao zilizotumika, nguo imara, bolti katikati, na paa lisiguswe. Kama kuna fundi seremala na fundi cherehani katika mtaa wako, waunganishe. Kitanda cha kwanza kiende kwa mzee au mgonjwa anayelala penye unyevu. Na siku ya kurudi nyumbani ikifika, utakikunja na kwenda nacho.

 Ulale salama.

(Muziki unapanda.)