Mti Hauhesabiwi Siku ya Kupandwa

Mazungumzo kwa wenye mashamba wa Kitui na Makueni kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba



Kila mwaka mvua za Oktoba zinapokaribia, magari yaliyobeba miche huonekana kwenye barabara za kaunti hizi mbili, kutoka Mwingi hadi Mutomo, na kutoka Wote hadi Kibwezi. Mikutano hufanyika, picha hupigwa, na miche hugawiwa. Ifikapo Septemba ya mwaka unaofuata, katika mashamba mengi hubaki mashimo na vijiti vikavu. Aliyetoa miche huandika kwamba miti imepandwa. Mwenye shamba hubaki akijua ukweli.

Kwa hiyo suala la leo ni hili: mtu anayetaka kupanda miti kwenye ardhi yake mwenyewe anaweza kusaidiwa vipi, na nani, na msaada huo unapaswa kulipia nini? Jibu kwa ufupi ni kwamba kupanda ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Gharama iko katika kuuvusha mche kiangazi cha kwanza na cha pili. Msaada unaoishia siku ya kupanda umekatika njiani.

Tuanze na sheria. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 69, inaitaka serikali ifikishe na kudumisha miti kwenye angalau asilimia 10 ya eneo la nchi. Kanuni za kilimo cha miti mashambani za mwaka 2009 zilimtaka kila mwenye shamba la kilimo awe na miti kwenye asilimia 10 ya shamba lake. Kwa mwenye ekari 5, hiyo ni nusu ekari, na si lazima miti hiyo iwe mahali pamoja. Inaweza kusimama mipakani, kwenye kingo za matuta na kuzunguka boma. Desemba 2022 serikali ya taifa ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Tarehe 13 Novemba 2023 ilitangazwa siku ya mapumziko ili Wakenya wote wapande miti, na Rais alipanda wake hapa Ukambani, eneo la Kiu, Kaunti ya Makueni.

Lengo hilo haliwezi kufikiwa kwenye vilima vya serikali pekee. Mbooni, Makuli, Nzaui, Endau na Mutitu ni hazina kubwa, lakini sehemu kubwa ya ardhi yetu inalimwa na kulishiwa mifugo na familia. Miti inayotafutwa itasimama kwenye mashamba ya watu, la sivyo haitasimama.

Jambo hili si geni Ukambani. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliiandika ardhi ya Wakamba kuwa ardhi inayokufa kwa mmomonyoko. Dawa yao ilikuwa kuwanyang'anya watu mifugo, na mwaka 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga amri hiyo. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti mkubwa juu ya Wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni. Watafiti walilinganisha mwaka 1930 na mwaka 1990. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, lakini mmomonyoko ulikuwa umepungua na miti mashambani ilikuwa imeongezeka. Watu walikuwa wamechimba matuta ya fanya juu kwa nguvu za mwethya, wakapanda miembe na michungwa, na kuacha miti ya kienyeji ikue kwenye mipaka. Walifanya hivyo kwa sababu shamba lilikuwa lao, tuta lilikuwa lao, na faida ilikuwa na soko. Mtu hutunza mti anaojua kwamba kesho utakuwa wake au wa mtoto wake.

Sasa tuuangalie mti mmoja. Mukau unajulikana na kila mzee hapa. Mbao zake ni ngumu, zina rangi nzuri, na mchwa hauziwezi kwa urahisi. Majani yake hulishwa mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Ukitunzwa vizuri hufikia kuvunwa mbao baada ya miaka 10 hadi 15. Tatizo lake la zamani lilikuwa mbegu, kwa kuwa kokwa lake ni gumu na haioti kwa kufukiwa tu ardhini. Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, yenye kituo chake mjini Kitui, imefanya kazi ya miaka mingi kwa ushirikiano na Japani kutafuta njia ya kupasua kokwa na kuotesha mbegu. Imechagua miti mama inayostahimili ukame, ikaanzisha mashamba ya mbegu bora huko Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Huo tayari ni msaada kwa mwenye shamba, kwa sababu mche wa mbegu isiyojulikana unaweza kumla mtu miaka kumi kabla hajagundua kwamba umepinda.

Lakini mche bora nao hunywa maji. Tuchukue mfano wa mkulima anayepewa miche 250, ambayo inatosha ekari moja kwa nafasi ya mita 4 kwa mita 4. Akiipanda Novemba, mvua inaweza kukatika kabla ya Krismasi. Akitaka kuupa kila mche lita 5 kwa wiki hadi mvua ya Machi, anahitaji lita 1,250 kila wiki. Hayo ni madumu zaidi ya 62 ya lita 20. Punda mmoja akibeba madumu 4, ni safari 16 kwa wiki, na mto wenye maji huenda uko kilomita kadhaa. Nyumbani kuna watoto, ng'ombe na mbuzi wanaotaka maji hayo hayo. Hapo kila mtu anajua nani atanyimwa kwanza.

Mkulima huyo huyo akichukua miche 40, anahitaji madumu 10 kwa wiki, yaani safari 3 za punda. Akichimba shimo kubwa kabla ya mvua, akalikingia maji ya mtiririko kwa tuta dogo la nusu mwezi, akaweka matandazo na kuzungusha miiba dhidi ya mbuzi, kazi hiyo inapungua tena. Mwaka wa pili anaongeza mingine 40. Baada ya miaka 5 ana miti 200 iliyo hai, huku jirani aliyepanda 250 kwa siku moja huenda amebaki na kumi. Hakuna aibu kukataa miche mingi. Aibu ni kuipokea na kuiacha ife.

Kuna pia miti isiyohitaji kupandwa. Visiki vingi vya miti ya kienyeji bado viko hai chini ya udongo. Mkulima akichagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, akapogoa mengine na kuzuia mifugo, mti hurudi haraka kuliko mche, kwa sababu mizizi yake tayari iko chini sana. Jirani zetu wa Dodoma, Tanzania, wanaiita njia hii Kisiki Hai, na imeenea huko kwa wakulima wengi. Gharama yake ni kisu na uvumilivu.

Tukija kwenye msaada wenyewe, kuna milango kadhaa, na kila mmoja una kazi yake.

Mlango wa kwanza ni ushauri. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inazipa kaunti jukumu la kuwashauri na kuwasaidia watu wenye misitu yao binafsi. Afisa wa misitu wa kaunti, wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na wataalamu wa KEFRI wapo kwa kazi hiyo. Swali la mti gani unafaa udongo gani liulizwe kabla ya kuchimba shimo.

Mlango wa pili ni usajili. Sheria hiyo inatambua misitu ya aina tatu: ya umma, ya jamii na ya mtu binafsi. Mwenye miti ya kutosha, hata ikiwa bado inakua, anaweza kuomba msitu wake usajiliwe. Usajili humfungulia njia ya ushauri wa kitaalamu, ya kuomba mkopo kutoka mfuko wa misitu pale fedha zinapokuwepo, na ya kuomba kupunguziwa ada za ardhi ikiwa ardhi yake inatozwa ada hizo. Wapo wanaoogopa kwamba msitu ukisajiliwa serikali itauchukua. Msitu wa mtu binafsi hubaki wa mwenyewe. Kilicho hatari zaidi ni kuwa na miti isiyo na karatasi yoyote. Mapema mwaka 2018 Kitui ilipopiga marufuku makaa na mchanga kutoka nje ya kaunti, na nchi nzima ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, hata watu waliopanda miti yao wenyewe waliona ugumu wa kuuza. Mwenye kumbukumbu za lini alipanda, wapi, na miti mingapi, ana la kuonyesha anapoomba kibali cha kusafirisha mbao.

Mlango wa tatu ni fedha za mabadiliko ya tabianchi. Makueni ilipitisha kanuni za mfuko wake mwaka 2015, ikitenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo, na Kitui ikapata sheria yake mwaka 2018. Siku hizi kuna pia mpango wa taifa wa FLLoCA, unaopitia kamati za wadi. Fedha hizi hazigawiwi mtu mmoja mmoja. Hulipia miradi ya watu wengi. Kwa hiyo mwenye shamba anaweza kudhani hazimhusu, naye anakosea. Bwawa la mchanga kwenye mto wa karibu linaweza kuivusha miche ya kijiji kizima kuliko miche ya bure elfu moja. Anayetaka miti iishi na ahudhurie mkutano wa wadi na aombe maji.

Mlango wa nne ni kampuni na mashirika yanayokuja na mikataba ya miti au ya biashara ya hewa ya kaboni. Baadhi ya mikataba hii inaweza kufaa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka 2023, na sasa miradi ya kaboni kwenye ardhi ya umma na ya jamii lazima iwe na makubaliano na jamii. Kwa miradi inayotegemea ardhi, angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia huenda kwa jamii. Kwenye shamba la mtu binafsi, kinachomlinda kwanza ni maneno ya mkataba alioutia sahihi. Kwa hiyo na aulize: Mkataba ni wa miaka mingapi? Mti ni wa nani ukianguka, ukikauka au ukivunwa? Kaboni ni ya nani? Malipo hutolewa kwa mche uliopandwa au kwa mti ulio hai? Nikitaka kuuza shamba au kulirithisha, itakuwaje? Na bibi wa nyumba, ambaye mara nyingi ndiye aliyebeba maji, amekubali? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hairuhusu mali ya ndoa kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzake. Mkataba usiosomwa kwa lugha ambayo wote nyumbani wanaielewa haufai kutiwa sahihi siku hiyo.

Kuna mfano mzuri wa Kenya kuhusu namna ya kulipa. Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, vikundi vya akina mama vilipewa malipo madogo kwa miche iliyonusurika. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini fedha zilimfuata aliyetunza. Kipimo hicho kinafaa pia kwa kaunti, kwa mashirika na kwa wafadhili: waje kuhesabu miti Septemba, baada ya kiangazi.

Kabla ya mvua, basi, mwenye shamba ana kazi nne. Apime maji aliyo nayo, ndipo aamue idadi ya miche. Achimbe mashimo sasa, wakati udongo ni mkavu. Aandike kwenye daftari kila mti anaopanda na tarehe yake. Na akae na familia yake waamue pamoja miti itasimama wapi na itakuwa ya nani.

Atakayefika Septemba ijayo akiwa na miti 30 iliyo hai, huyo ndiye aliyepanda.