Bastola Gizani: Kulenga na Kubahatisha



Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, bunduki zilienea Tarime na Serengeti, na wizi wa ng'ombe, uliokuwa wa mishale na mikuki, ukawa wa risasi. Mwenye bastola ya leseni, akikurupushwa usingizini, huelekeza mkono tu na kufyatua. Adui akiwa hatua mbili, huenda akampata. Zizini, hatua ishirini, risasi hiyo humkosa mwizi ikatafuta nyumba ya jirani. Kulenga kwataka jicho lilinganishe alama ya nyuma na ya mbele juu ya mtutu, nazo gizani hazionekani. Basi tochi na itangulie bastola: huyo akimbiaye kati ya ng'ombe huenda ni sungusungu wa kijiji, aliyeitikia yowe la mwenye bastola mwenyewe.