Nyumba ya Mawe na Baridi ya Mwezi wa Julai



Katika nyanda za juu za Kenya, miezi ya Juni, Julai na Agosti yajulikana sana. Ukungu hushuka alfajiri, mawingu huficha jua siku nzima, na huko Limuru, palipo zaidi ya futi 7,000 juu ya usawa wa bahari, si ajabu mtu kulala na koti lake. Wala asidhaniwe mwenye nyumba nzuri ya mawe kuwa amesalimika. Mara nyingi yeye huona baridi kuliko babu yake, aliyelala katika nyumba ya mviringo yenye kuta za udongo na paa la nyasi.

Sababu yake si siri. Kinachozuia joto lisitoke si uzito wa jiwe, bali ni hewa iliyotulia, isiyoweza kwenda huku na huku. Blanketi halina moto ndani yake. Hushika hewa kati ya nyuzi zake, na hewa hiyo humhifadhia mtu joto la mwili wake mwenyewe. Paa la nyasi nene ni blanketi la nyumba, kwa kuwa hewa hukaa kati ya maelfu ya majani. Bati halina hewa ndani yake. Joto la chumba hupanda, hugusa bati, likatoka mara moja. Tena, usiku usio na mawingu bati hupoa hata kuliko hewa ya nje, na mvuke wa pumzi za watu hugeuka maji chini yake, ukamdondokea aliyelala.

Na ukuta je? Ukuta wa jiwe la kuchonga wenye unene wa inchi 9, usio na nafasi ya hewa katikati, nao hupitisha joto, lakini polepole zaidi. Futi moja ya mraba ya paa la bati lisilo na dari hupoteza joto karibu mara 3 kuliko futi moja ya ukuta huo. Kwa hiyo mwenye fedha chache asianze kwa ukuta, ijapokuwa akiugusa kwa mkono huona ndio wenye baridi. Na aanze juu.

Dari ya mbao au ya plasta ndiyo kazi ya kwanza. Hata peke yake yasaidia, maana hufungia hewa chini ya bati. Akiweza, mwenye nyumba alaze juu ya dari sufu itengenezwayo kwa kioo au kwa mawe yaliyoyeyushwa. Unene wa inchi 4 utaleta badiliko ambalo kila mtu wa nyumbani atalitambua. Asitumie nyasi kavu wala takataka za mbao juu ya dari: panya watazipenda, na moto pia. Fundi wa umeme azitazame kwanza nyaya za zamani, kwa kuwa waya mkuukuu uliofunikwa huweza kupata joto na kuunguza mbao. Na karibu na kingo za paa, juu ya dari, ziachwe nafasi za kutolea mvuke. Dari hiyo hiyo itamfaa mchana wa mwezi wa Februari, bati linapochoma.

Baada ya paa, ukuta ukaushwe. Jiwe lililolowa hupitisha joto kwa urahisi kuliko jiwe kavu, na mara nyingi ubaridi wa ukuta ni maji tu. Mfereji wa paa uliotoboka, udongo uliorundikwa hata kupita msingi, plasta ya saruji iliyopasuka na kuingiza mvua bila kuiacha itoke: hayo yote hutengenezwa kwa gharama ndogo. Mafundi wa zamani wa pwani, waliojenga Lamu kwa mawe ya matumbawe, walipaka kuta zao chokaa, nayo huuacha ukuta upumue. Saruji ngumu juu ya ukuta mkongwe wenye unyevu hufanya kinyume chake. Kubandika mbao upande wa ndani wa ukuta kwawezekana, ila si kazi ya kuharakisha, kwa sababu mvuke ukipenya nyuma ya mbao hukutana na jiwe baridi, na kuvu huota mahali pasipoonekana.

Sasa lipo jambo zito kuliko haya yote. Juu ya madirisha ya nyumba nyingi za mawe za Kenya mna matundu ya hewa. Baridi ikizidi, watu huyaziba kwa matambara na magazeti, huziba na upenyo wa chini ya mlango, kisha huingiza jiko la makaa chumbani na kulala. Kufanya hivyo ni kuchimba kaburi ndani ya nyumba. Makaa yanayowaka mekundu bila moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hukosa nafasi ya kuuchukulia mwili hewa njema. Aliye macho huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, miguu ikalegea. Aliyelala huenda asiamke. Jiko la udongo na bati, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, huokoa makaa mengi kwa kuwa udongo wake hushika joto. Lakini sumu yake ni ile ile.

Upenyo wa chini ya mlango na nyufa za madirisha na zizibwe, lakini matundu ya hewa yaachwe wazi, na jiko litolewe nje kabla ya watu kulala. Atakaye moto wa usiku na ajenge dohani. Mtu akikutwa amelegea karibu na jiko, atolewe nje upesi na kupelekwa hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.

Yako na mengine madogo. Katika Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo mapazia ya upande huo yafunguliwe jua litokapo, na yote yafungwe kabla ya magharibi. Mapazia mazito hushinda mepesi.

Kazi za ukuta na paa zafaa kufanywa Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, wakati jiwe limekauka na fundi aweza kufungua mabati bila hofu ya mvua.