Kivuli Katika Picha



Mara kwa mara watu hutuletea picha zilizopigwa makaburini, au penye nyumba isemwayo ina pepo. Madoa meupe ya mviringo yaelea hewani. Je, mchungaji, hizi si roho? Kwa kawaida ni vumbi, au matone ya umande, yaliyomulikwa na taa ya kamera. Katika kamera ndogo taa hukaa karibu mno na jicho lake, na mwanga hurudi humo moja kwa moja.

Nyingine hazielezeki upesi. Mwaka 1936 wapiga picha wawili walikwenda Raynham Hall, jumba la kale huko Norfolk, Uingereza, ambamo yasemekana mwanamke aliyekufa hutembea. Picha ya ngazi ilitoka na umbo kama la mwanamke aliyevaa shela. Wengine husema ni picha mbili zilizolaliana, wengine mwanga ulipenya kamerani. Sisi hatutagombana na mtu kwa ajili ya ngazi.

Linalotuhuzunisha ni habari za William Mumler wa Boston, Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 viliua watu zaidi ya 600,000. Mumler aliwapiga picha waliofiwa, na nyuma yao ikatokea sura hafifu. Walilipa dola 10, wakaenda zao wakiamini wamewaona wapendwa wao. Siku hizo picha zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na kioo kikitumiwa mara mbili, sura mbili hukaa pamoja. Tena watu waliwatambua baadhi ya hao "marehemu" wakiwa hai mjini Boston! Mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa udanganyifu; hakimu akamwachilia kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Baadaye mjane wa Rais Lincoln akaja kwake, na picha ikamwonyesha mumewe nyuma yake.

Msimcheke mama yule. Alikuwa amezika mume na wana watatu. Hata Sauli, mfalme, alipokosa jibu alikwenda Endori usiku.

Basi, jirani mwenye msiba akikuletea picha ya namna hii, usimdanganye, lakini pia usianze na habari za vumbi na vioo. Mwulize kwanza marehemu aliitwa nani. Keti, umwache asimulie.